Ndevu za Binti Si Hoja ya Kijiwe

Kwetu Kimali, mkoani Simiyu, binti akiota ndevu hakosi mtu wa kumweleza maana yake. Mmoja atasema ana nyota ya pesa, nyumba atakayoolewa haitalala njaa. Mwingine atasema ana jini mahaba, ndiyo maana wachumba hawakai. Wa tatu, kwa sauti ya chini zaidi, atasema huyo hatazaa, kwa hiyo mwenye ng'ombe wake afikirie vizuri kabla hajawatoa. Maelezo haya yanapingana yenyewe kwa yenyewe, lakini kuna jambo moja yanakubaliana: hakuna hata moja linalompeleka binti zahanati.

Chuoni hali ni ile ile, kilichobadilika ni nguo. Huku hatusemi jini, tunasema "dume jike". Tunasema "bro". Msichana akipita na kidevu chenye vipele vya kunyoa, kijiwe cha kantini kinapata mada ya nusu saa, na wanaocheka ni watu ambao mwisho wa muhula watajibu swali la homoni kwenye mtihani na kupata A.

Mimi ni mwaka wa tatu. Nina PCOS. Nanyoa kidevu kila baada ya siku mbili, na shingo yangu ina weusi ambao watu wengi, kwa nia njema kabisa, wamenishauri niusugue kwa dodoki. Siandiki ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu nina hoja, na hoja yenyewe ni hii: nywele nzito za kidevuni, kwa binti ambaye siku zake hazieleweki, ni taarifa ya afya. Inatakiwa ipokelewe na mtu mwenye kipima presha na daftari. Na chuo chenye zahanati, bima na serikali ya wanafunzi hakina kisingizio cha kukiachia kijiwe kazi hiyo.

Kinachotokea mwilini

Tuanze na jambo linalowashangaza wengi: kila mwanamke ana testosteroni. Ovari zinaitengeneza, na tezi ndogo zilizokaa juu ya figo zinachangia homoni za kundi hilo hilo, ambalo kwa jumla linaitwa androjeni. Kwa mwanamke kiasi chake ni kidogo sana ukilinganisha na mwanaume, lakini kipo na kina kazi. Kwa hiyo mwenye ndevu hajaingiliwa na kitu kigeni. Ana kitu alichonacho kila mwanamke, ila kwake kimezidi, au ngozi yake inakiitikia kwa nguvu zaidi.

Kwa mwenye PCOS kuna mambo mawili yanayosukumana. La kwanza, ubongo unatuma kwa wingi homoni iitwayo LH, ambayo huzichochea ovari zitengeneze androjeni. La pili ni insulini. Kwa wengi wetu mwili hauitikii insulini vizuri, kwa hiyo kongosho linalazimika kuongeza dozi. Insulini ikizidi kwenye damu inafanya mambo mawili: inazisukuma ovari ziongeze androjeni, na inalifanya ini lipunguze protini inayobeba testosteroni ndani ya damu.

Hapo kwenye protini, fikiria kituo cha daladala. Testosteroni iliyopanda gari haimsumbui mtu, imekaa kwenye siti yake. Inayoleta kazi ni ile iliyobaki kituoni, kwa sababu hiyo ndiyo inayoingia kwenye ngozi. Sasa magari yakipungua huku abiria wanaongezeka, unajua mwenyewe kituo kinavyokuwa.

Ikishafika kwenye ngozi, inabadilishwa kuwa aina kali zaidi, na hiyo ndiyo inayozigeuza nywele. Kiswahili kinaziita zile nywele laini za mwilini malaika. Androjeni inawachukua malaika wa kidevuni, wa juu ya mdomo, wa kifuani, wa chini ya kitovu na wa mapajani, inawafanya wawe weusi, wanene na wagumu. Cha ajabu, homoni hiyo hiyo kichwani inafanya kinyume: nywele za utosini zinapungua. Na kwenye mafuta ya ngozi inaleta chunusi zisizoisha hata ukibadilisha sabuni mara ngapi.

Wakati huo huo ovari nazo zimekwama. Mayai yanaanza kukua halafu yanasimama njiani, halitoki hata moja, na hedhi inakosa ratiba. Altrasaundi ikipigwa vinaonekana vifuko vidogo vingi vimejipanga pembeni mwa ovari. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliwaeleza wanawake saba wenye hali hiyo mwaka 1935, na jina lililokuja kushika likatokana na vifuko hivyo. Jina hilo limetuletea balaa kwa Kiswahili. Binti akiambiwa ana "vivimbe", nyumbani wanasikia uvimbe wa kizazi, wanaanza kuuza mbuzi kwa ajili ya upasuaji au wanamtafuta muuza dawa za kusafisha kizazi. Vile si uvimbe wa kukatwa. Ni vifuko vya mayai yaliyokwama, na havina uhusiano na uchafu wowote.

Na ule weusi wa shingoni na kwapani, ngozi iliyonenepa kama mahameli? Huo mara nyingi ni insulini inazungumza. Hautoki kwa dodoki, ndimu wala magadi. Wanaokimbilia krimu kali za kung'arisha ngozi wanajiongezea tatizo, kwa sababu krimu zenye steroidi zinaweza kuleta chunusi na hata kuotesha vinyweleo pale zinapopakwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba PCOS inawapata kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo duniani hawajui. Chukua makadirio hayo uyaweke kwenye hosteli yenye wasichana 200. Ni wasichana 20 au zaidi, na wengi wao hawajawahi kutajiwa jina la kinachowasumbua. Kwa hiyo ukimcheka mmoja kantini, jua kuna mwingine meza ya jirani anayeinamisha kidevu.

Sisi wa Usukuma tunajua gharama ya kusoma alama

Kuna watakaosema, sasa utani wa kijiwe una shida gani? Mtu hafi kwa kuitwa bro. Nawajibu kwa mfano wa kwetu, kwa sababu Usukuma umelipia sana tabia ya kusoma mwili wa mwanamke kama ubao wa matangazo.

Kwa miaka mingi, Shinyanga, Mwanza, Tabora, Geita na Simiyu yetu, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na moja ya alama zilizotumika kuwahukumu ni macho mekundu. Mtu akifa kijijini au ng'ombe wakiisha, jicho la watu linakwenda kwa bibi mwenye macho mekundu. Hivi yale macho yalikuwa mekundu kwa nini? Moshi. Miaka arobaini, hamsini ya kupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana. Sababu ilikuwa jikoni, kila mtu anaiona na anakula chakula kilichopikwa kwayo, lakini hukumu ikaenda kutafutwa kwa mganga.

Sisemi ndevu zitamletea binti panga. Nasema kanuni ni ile ile: kuona alama, kuiruka sababu, kutoa hukumu. Bibi alihukumiwa uchawi. Binti anahukumiwa ugumba, au uanaume, au mikosi. Hata hukumu ile tamu ya nyota ya pesa ni hukumu, kwa sababu binti aliyeambiwa ndevu zake ni bahati ataogopa kuipeleka bahati yake kwa daktari ikatibiwe.

Na kwetu hukumu ya ugumba ni nzito. Mahari ni ng'ombe, na ng'ombe wana kumbukumbu ndefu. Mwaka wa kwanza wa ndoa ukipita bila mimba, wakwe wanaanza kuulizana. Wa pili ukipita, mke mwenza anatajwa. Kijana mwenyewe hapimwi, kipimo cha kwanza ni kidevu cha mkewe. Binti aliyeolewa na kutolewa ng'ombe wengi anaishi na hofu kwamba kuna siku kikao kitakaa na wale ng'ombe kudaiwa warudi.

Ukweli wa kitabibu ni tofauti na kikao hicho. PCOS ni moja ya sababu kubwa za mwanamke kuchelewa kushika mimba. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2009 uliikuta kwa takriban theluthi moja ya wanawake waliofika kliniki kwa tatizo hilo. Lakini ni miongoni mwa sababu zinazotibika vizuri. Yai halitoki kwa mpangilio, na dawa za kulisaidia litoke zipo. Dawa inayopendekezwa kwanza na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 ni ya vidonge, inaitwa letrozoli. Wanawake wengi wenye PCOS wanazaa, wengine bila dawa yoyote.

Hapo hapo niseme na madada kwa faida yetu: kutopata siku zako kwa miezi mitatu si kinga ya mimba. Yai likikaa muda mrefu bila kutoka, linaweza kutoka siku yoyote bila taarifa. Anayehesabu kwamba "mimi sizai" anaweza kushtukia tumbo mwaka wa pili.

Si wanariadha tu, na si jambo lile lile

Mada hii ikianza, kijiwe hakikawii kuleta wanariadha. Kwenye mbio za mita 800 za wanawake, Olimpiki ya Rio mwaka 2016, waliosimama jukwaani wote walikuwa Waafrika: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Mwaka 2019 kanuni mpya za riadha ya dunia kuhusu testosteroni zikaanza kutumika, na wote watatu wakafungiwa mbio hiyo hadi wakubali kushusha homoni zao. Niyonsaba akahamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000.

Nawaheshimu, lakini kesi yao si yangu. Kanuni zile ziliwalenga watu waliozaliwa na tofauti maalumu katika ukuaji wa jinsia, na ziliwaacha nje wenye PCOS, kwa sababu testosteroni ya mwenye PCOS kwa kawaida haifiki kiwango kile. Nalisema hili kwa sababu kuna wasichana wa timu zetu za chuo, netiboli na mikono, wanaoitwa "Semenya" kila wakifunga. Anayeita hivyo anawakosea watu wawili kwa neno moja: anamdhihaki mwanariadha ambaye hakuomba azaliwe vile, na anamfanyia uchunguzi wa kitabibu mwanafunzi mwenzake bila hata kumsalimia.

Kipimo cha kwanza ni swali

Hoja ninayoisikia mara nyingi kwa watu makini ni ya gharama. Wanasema haya ni magonjwa ya mjini, ya watu wenye kliniki za homoni, na kwamba Kimali na chuoni kuna mambo ya maana zaidi: malaria, taifodi, boom lililochelewa. Wengine wanaongeza kwamba ni ugonjwa wa wanene, wakati mabinti wa kwetu wanalima pamba na kutembea.

La unene ni rahisi. Uzito ukizidi unaikoleza PCOS, na anayeupunguza hata kwa kiasi anaweza kuona siku zake zinarudi. Lakini wembamba nao wanayo. Jembe halimkingi mtu na urithi wa familia yake.

La gharama ndilo la msingi, na hapo watu wengi wamepotoshwa. Vigezo vinavyotumika duniani, vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003, vinataka mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha androjeni kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Soma tena. Binti mwenye hedhi ya kurukaruka na ndevu nzito ameshatimiza mawili kabla hajafika kwenye mashine yoyote. Daktari akishahakikisha si mimba, si tezi ya shingo, si homoni ya maziwa kuzidi, wala si tatizo la tezi zile za juu ya figo, hahitaji altrasaundi ili aanze kumtibu.

Tena kwa umri wetu altrasaundi inaweza kudanganya. Miongozo ya kimataifa inashauri isitumike kuthibitisha PCOS kwa msichana ambaye haijapita miaka minane tangu avunje ungo, kwa sababu ovari za wasichana wengi wazima huonekana na vifuko vingi. Aliyevunja ungo akiwa na miaka 14 anaifikisha minane akiwa na 22. Maana yake wengi wa mwaka wa kwanza wanaolipia picha mjini na kurudi na karatasi iliyoandikwa vivimbe hawajapata jibu. Wamepata hofu yenye muhuri.

Kipimo cha kwanza, kwa hiyo, ni swali: siku zako zinakujaje? Muuguzi wa zahanati ya kijijini anaweza kuuliza. Kama miaka mitatu imepita tangu uvunje ungo, na hedhi inapishana kwa zaidi ya siku 35, au unaipata chini ya mara nane kwa mwaka, hiyo si "ndivyo nilivyo". Kipimo cha pili ni macho: nywele ziko wapi, nzito kiasi gani, shingo ikoje. Mpaka leo madaktari wanatumia jedwali lililotokana na kazi ya Ferriman na Gallwey ya mwaka 1961, linalohesabu nywele kwenye sehemu tisa za mwili, kila sehemu ikipewa alama kuanzia 0 hadi 4. Linahitaji karatasi, mwanga na faragha. Kipimo cha tatu ni presha na sukari. Hapo ndipo pa kuanzia. Bariadi na Mwanza watafuata kwa wale wanaohitaji zaidi.

Na kuna wanaohitaji zaidi haraka. Nywele zikiota kwa kasi ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito, misuli ikabadilika, hiyo inaweza kuwa uvimbe halisi unaotengeneza homoni. Huyo asisubiri likizo.

Kwa nini sukari na presha? Kwa sababu ndevu ndiyo sehemu ndogo ya habari. Insulini ile ile inayoharibu kidevu inamwongezea mtu hatari ya kisukari na presha akiwa bado kijana. Na kizazi kinachokaa miezi mingi bila hedhi kinajenga ukuta mnene ambao hautoki, jambo linaloongeza hatari ya saratani ya ukuta wa kizazi huko mbele. Kisha kuna moyo wa mtu. Sonona na wasiwasi ni vingi zaidi kwa wenye PCOS, na sishangai. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri ili unyoe kabla wenzako wa chumba hawajaamka, kila siku, miaka mitatu, hata ungekuwa jiwe utachoka.

Vidonge vilivyo kwenye droo

Tiba ipo, na ya kwanza kwa asiyetafuta mtoto mara nyingi ni vidonge vya majira vyenye homoni mbili. Vinapunguza kazi ya ovari kutengeneza androjeni, na vinaongeza yale magari niliyoyataja, ili testosteroni ipande ikae. Hedhi inapata ratiba. Nywele zinahitaji uvumilivu, kama miezi sita hivi kabla hujaona tofauti, na zilizokwisha kukomaa bado utazinyoa au kuzitoa kwa njia nyingine. Kunyoa, kwa taarifa yenu, hakuzifanyi ziwe nyingi. Wembe unakata ncha, haugusi mzizi. Metformini, tunayoijua kama dawa ya sukari, inasaidia upande wa insulini. Spironolaktoni inasaidia nywele, lakini haifai kwa anayeweza kupata mimba bila kinga. Zote hizi ni za kuandikiwa na daktari baada ya kupimwa, kwa sababu mwenye presha kubwa, aliyewahi kuganda damu, au mwenye aina fulani za kipandauso hafai vidonge hivyo vya majira.

Sasa niambie, binti wa hosteli atavifichaje? Pakiti ya majira ikionekana kwenye droo, chumba kizima kimeshajua yeye ni mtu wa namna gani. Nyumbani ndiyo usiseme. Mama akizikuta kwenye begi la likizo, maelezo ya insulini hayatasikika. Nawafahamu mabinti walioacha dawa si kwa kuwa ziliwadhuru, ila kwa sababu ya majirani. Nami nilipoeleza shida yangu kwa mara ya kwanza kwenye kituo kimoja cha afya, nilieleza dirishani, foleni ikiwa mgongoni, na jibu nililopewa ni kwamba nikiolewa zitakwisha. Haziishi kwa kuolewa. Haziishi kwa kuzaa. Zinatunzwa, kama wanavyotunzwa wenye pumu na wenye kisukari.

Ninachokitaka

Sitaki semina kubwa yenye fulana na soda. Nataka mambo manne, na serikali yetu ya wanafunzi kupitia wizara yake ya afya inaweza kuanza nayo muhula huu.

La kwanza, fomu ya uchunguzi wa afya tunayojaza kabla ya usajili. Niliyojaza mimi iliuliza kifua, macho, mkojo na kifafa. Haikuuliza hedhi. Yaongezwe maswali mawili: siku zinakuja kwa mpangilio gani, na kuna nywele au chunusi zinazokusumbua? Wino wa maswali mawili haumalizi bajeti ya chuo.

La pili, faragha. Mwanafunzi asieleze kidevu chake dirishani. Kiwekwe chumba, hata kwa saa mbili kwa wiki, ambacho muuguzi anamsikiliza mtu mmoja mlango ukiwa umefungwa.

La tatu, bima. Wengi wetu tumelipa Sh 50,400 kwa mwaka kwa ajili ya kadi. Viongozi wetu waulize kwa maandishi, na majibu yabandikwe ubaoni: ni vipimo gani vya homoni na dawa gani za tatizo hili kadi inalipia, na katika vituo vipi. Mwanafunzi asisafiri hadi mjini kwa nauli ya boom kwenda kugundua jibu kwenye dirisha la malipo.

La nne ni letu sote, na hasa nyie kaka zetu. Siwaombi mzipende ndevu. Kule Uingereza Harnaam Kaur, mwenye PCOS, aliacha kunyoa akabaki na ndevu zake, na Guinness wakamwandika kwenye kitabu chao cha rekodi mwaka 2016. Huo ni uamuzi wake, mimi wembe wangu bado ninao. Ninachowaomba ni kidogo zaidi: mwenzako akiwa na dalili, usiwe wewe wa kuipa jina. Kama ni dada yako, mchumba wako au rafiki yako wa kweli, mwulize faraghani kama amewahi kuonana na daktari, na ukiweza msindikize.

Na wewe dada unayesoma ukiwa umeshika kidevu, chukua kalenda. Andika tarehe za miezi sita iliyopita kadiri unavyokumbuka, uanze kuandika na zinazokuja. Si kila nywele ni ugonjwa. Kuna koo ambazo mabibi wote walikuwa nazo na siku zao zilikuja kama saa, na kama ndivyo kwenu, daktari atakwambia hivyo urudi darasani. Lakini nenda na hiyo karatasi. Ukiambiwa olewa utapona, mshukuru, toka, mtafute mwingine. Sema hivi: siku zangu zinapishana hivi, nywele ziko hapa na hapa, naomba nipimwe presha na sukari, na nielezwe kinachofuata. Hiyo ni haki ya mgonjwa yeyote, awe wa mjini, wa hosteli au wa Kimali.